Bastola yako au kampuni ya ulinzi?

Mfanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, anayerudi nyumbani Goba usiku na mauzo ya siku atakwambia bastola ndiyo jibu, jambazi hasubiri polisi wafike. Hoja ina uzito. Leseni yenyewe, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, ni njoo kesho nyingi, lakini inapatikana.

Shida ni usiku wa tukio. Ukiifungia kwenye sefu na risasi pembeni, kama inavyopasa nyumba yenye watoto, utaamshwa na kishindo mlangoni huku unapapasa funguo gizani. Ukiiweka chini ya mto, mtoto ataifikia kabla ya mwizi. Na ukifyatua? Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakuruhusu kujitetea wewe na mali yako, ila kwa nguvu inayolingana na hatari. Kumpiga mgongoni kibaka anayeruka ukuta na simu yako ni kesi nyingine kabisa, na shtaka la mauaji halina dhamana.

Kampuni ya ulinzi nayo ni bili kila mwezi. Mlinzi mwingine ana rungu na filimbi tu, saa tisa usiku kasinzia. Kitufe cha dharura kinasaidia, mradi gari la doria lisinase kwenye tope la masika.

Kwa nyumbani, mimi nachukua mlinzi, pamoja na vijana wa ulinzi shirikishi wa mtaa. Kwa yule wa Kariakoo, apeleke mauzo benki mchana au apokee kwa simu.