Mossberg 940 Pro Turkey: Bunduki ya Bata Mzinga na Marekebisho Yanayostahili Gharama

Bata mzinga wa porini hapigwi kama kanga. Kanga hufukuzwa hadi aruke, na mpigaji humfuata hewani kwa mtutu unaotembea naye. Bata mzinga dume huitwa kwa kifaa kinachoiga sauti ya jike, husubiriwa na mwindaji aliyeegemea mti bila kutikisika, na hupigwa akiwa amesimama ardhini, kichwani na shingoni tu, kwa umbali usiofaa kuzidi sana yadi 40, yaani kama mita 37. Kwa hiyo shotigani, silaha ambayo kwa desturi huelekezwa tu upande alipo ndege, katika uwindaji huu inalazimika kulengwa kwa makini kama raifoli. Nimeipima Mossberg 940 Pro Turkey kwa kigezo hicho, na sifa nyingine nzuri ambazo wauzaji huzitaja nimezipa uzito mdogo.

Mossberg ni kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1919 huko New Haven, Connecticut, na jina lake limejengwa zaidi na bunduki za bei nafuu za pampu, ambazo mpigaji huzipakia kwa kuvuta kishikio cha mbele kwa mkono. Hii ya 940 Pro Turkey iliingia sokoni mwaka 2021. Ni ya nusu otomatiki, geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), chemba, yaani mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa, ya inchi 3, na hutumia gesi ya baruti kutoa ganda lililotumika na kupakia risasi inayofuata. Mtutu wake ni wa inchi 24 au inchi 18.5. Bei ya dukani inazidi kidogo dola 1,000, karibu sawa na Beretta A300 Ultima Turkey, na chini sana ya Benelli Super Black Eagle 3. Mimi nimeitumia Kentucky, ambako msimu wa majira ya kuchipua hufunguliwa katikati ya Aprili, wakati asubuhi bado zina baridi na majani hayajaufunga msitu.

Swali la kwanza ambalo Mswahili mwenzangu huniuliza ni kwa nini mtu anunue bunduki inayojipakia yenyewe ikiwa ndege anayetafutwa ni mmoja na risasi inayohitajika ni moja. Swali hilo ni la haki, na pampu ya bei ya nusu yake itamuua bata mzinga yule yule. Jibu langu ni teke, yaani pigo la bunduki inaporudi nyuma begani. Risasi nzito za bata mzinga zikipigwa kwa pampu nyepesi huumiza bega kiasi kwamba mpigaji huanza kufumba jicho na kuvuta triga kwa hofu, na hofu hiyo huonekana kwenye karatasi ya majaribio muda mrefu kabla hajaingia msituni. Katika bunduki ya gesi, sehemu ya nguvu hiyo hutumika kusukuma nyuma bolti, kipande cha chuma kinachofunga chemba, na teke huja kama msukumo wa taratibu badala ya pigo. Pia iwapo risasi ya kwanza imekosa, risasi ya pili iko tayari bila mkono wa kushoto kufanya kazi yoyote mbele ya ndege ambaye macho yake huona rangi na mwendo vizuri kuliko yetu. Ila ninakiri kwamba katika msitu mnene nafasi ya risasi ya pili ni adimu, na asiyesumbuliwa na teke asijione amepungukiwa kwa kubaki na pampu.

Kati ya mifumo ya nusu otomatiki, mnunuzi atalazimika kuchagua baina ya gesi na ule wa Benelli unaotegemea mrudio wa bunduki yenyewe. Wa Benelli hauchafuki upesi na bunduki zake ni nyepesi kubeba kwenye vilima. Hata hivyo, mwindaji wa bata mzinga hupakia alfajiri gizani, chini ya mti ambao huenda dume amelala juu yake, na kishawishi chake ni kuirudisha bolti mbele polepole kwa mkono ili isilie. Bolti ya Benelli hujizungusha ili kujifunga, na katika bunduki zake za zamani, isipofika mwisho wake, triga ikivutwa kinachosikika ni mlio mdogo tu wa chuma. Wenye Benelli hizo wanalijua jambo hili na huigonga bolti kwa kiganja kuhakikisha imefunga. Mimi kwa kazi hii napendelea gesi, na kwa bunduki yoyote ile ni heri kuiachia bolti ijifunge kwa nguvu zake, hata kama italia, mapema kabla ndege hawajaanza kuita.

Mossberg wanadai kwamba mfumo wa gesi wa 940 unaweza kupiga risasi 1,500 kabla ya kusafishwa. Mwindaji wa bata mzinga hatazifikisha risasi hizo kwa miaka mingi, kwa hiyo tusilizungumze zaidi, isipokuwa kusema kwamba mvua ya Aprili ni adui mkubwa kuliko moshi wa baruti, na bunduki iliyoloa ifunguliwe na kukaushwa jioni ile ile.

Kilichonifanya niichague hii kuliko A300 ni mambo mawili. La kwanza ni kitufe cha usalama, kilichowekwa juu, nyuma ya mwili wa bunduki, mahali ambapo kidole gumba hukaa chenyewe. Anayepiga kwa mkono wa kushoto anakifikia sawasawa na wa kulia, na hakuna haja ya kusogeza kiganja kizima ili kukisukuma. La pili ni kitako. Ndani yake kuna vipande vya kuongeza au kupunguza, hivyo urefu kutoka kwenye triga hadi mwisho wa kitako hubadilika kutoka inchi 12.5 hadi 14.25. Bunduki nyingi za dukani hutengenezwa kwa kipimo cha inchi 14 na zaidi, zikimlenga mwanamume mrefu aliyesimama wima na shati jepesi. Mwindaji wa bata mzinga huketi chini, magoti juu, akiwa amevaa koti, na pengine hujipinda ubavuni kumfuata ndege aliyetokea upande asiotarajiwa. Kitako kirefu hukwama kwapani. Marekebisho ya kwanza kabisa ninayoyashauri ni haya ya bisibisi, ambayo hayagharimu hata senti: keti sakafuni nyumbani na bunduki tupu iliyokaguliwa mara mbili, vaa nguo zako za uwindaji, fumba macho, ipandishe begani, kisha fumbua uone kama unatazama katikati ya mtutu. Kama unaona mwili wa bunduki tu, au unaona mtutu kwa pembeni, endelea kubadilisha vipande.

Marekebisho ya pili ni kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu, na hapa ndipo pesa zinapofanya kazi. Sehemu ya juu ya bunduki hii imechongwa kiwandani kupokea kioo kidogo chenye umbo la chini kama la kioo cha Shield RMSc, kwa hiyo kioo hukaa chini karibu na chuma, na shavu halilazimiki kunyanyuka kutoka kwenye kitako ili jicho liione nukta. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu mtu aliyefurahishwa na dume linalotamba mbele yake husahau kulaza shavu, na katika bunduki yenye ushanga wa mbele peke yake, shavu lililonyanyuka hupeleka marisau, yaani punje ndogo zilizomo ndani ya risasi, juu ya kichwa cha ndege. Kwa nukta nyekundu, mahali ilipo nukta ndipo yanapokwenda marisau, hata kama shavu halikulala vizuri. Kabla ya kununua kioo hakikisha umbo la sehemu yake ya chini linaingia bila kukwanguliwa, kwa kuwa vioo vinavyofanana havilingani vyote kwenye vishikizo. Skrubu zake zipakwe gundi ya kuzuia kulegea na zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Fundi mmoja aliyenifungia kioo alizikaza kwa mkono tu bila gundi. Zilianza kulegea kwenye uwanja wa majaribio, na sasa kazi hiyo naifanya mwenyewe.

Marekebisho ya tatu ndiyo yanayoamua kama ndege atakufa papo hapo au atakimbia na majeraha: choki na risasi, vikichaguliwa kwa pamoja. Choki ni kipande kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ili kuubana na kuyafanya marisau yasitawanyike mapema. Kipenyo cha kawaida cha mtutu wa geji 12 ni inchi 0.729, na choki za bata mzinga huubana hadi karibu inchi 0.665 au chini yake. Bunduki hii huja na choki yake ya X-Factor, ambayo ni ya kubana sana, na wanunuzi wengi huivua siku ya kwanza na kununua nyingine ya dola 80 kabla hata ya kuijaribu. Huo ni upotevu. Ijaribuni kwanza.

Majaribio yenyewe ni ya kuchosha na hayana njia ya mkato. Karatasi kubwa hutundikwa, risasi hupigwa kutoka yadi 40 bunduki ikiwa imewekwa juu ya egemeo, duara la inchi 10 huchorwa kuzunguka mahali yalipopiga marisau mengi zaidi, kisha matundu huhesabiwa moja moja kwa kalamu ili tundu lisihesabiwe mara mbili. Kwa marisau ya madini ya risasi, kipimo cha miaka mingi ni angalau matundu 100 ndani ya duara. Risasi mbili zilizoandikwa maneno yale yale kwenye boksi, za kampuni mbili tofauti, zinaweza kutoa picha mbili zisizofanana kabisa katika bunduki moja, kwa hiyo ushauri wa rafiki mwenye bunduki nyingine hauna thamani kubwa. Kisha rudia kwa yadi 20, ambako wengi hushtuka: kwa choki ya kubana, kiini cha marisau hakizidi sana upana wa kisahani cha kikombe cha chai, na ndege aliyekaribia hukosewa kwa urahisi kuliko wa mbali.

Kuhusu aina ya marisau, tungsteni nzito inayoitwa TSS imebadilisha uwindaji huu. Uzito wake ni kama gramu 18 kwa sentimita ya ujazo, dhidi ya gramu 11 hivi za madini ya risasi, na matokeo yake ni kwamba marisau madogo ya namba 9 (namba ikiwa kubwa, punje ni ndogo) hupenya vizuri kama ya namba 5 ya madini ya risasi. Wakia moja ya TSS namba 9 ina marisau takriban 360, huku wakia moja ya madini ya risasi namba 5 ikiwa na 170 hivi. Mwenye kujua hesabu ataona kwa nini duara la inchi 10 hujaa. Bei yake hata hivyo inaweza kuzidi dola 10 kwa risasi moja. Ninashauri kulenga na kurekebisha kioo kwa risasi za bei ya chini, na kuhifadhi TSS kwa uthibitisho wa mwisho na kwa ndege mwenyewe. Jambo lingine: choki iliyobana kupita kiasi inaweza kuivuruga TSS badala ya kuikusanya, kwa hiyo namba ndogo zaidi kwenye choki si lazima iwe bora.

Mengine yanayouzwa kwa wawindaji hayanivutii. Kubadilisha triga, kupaka rangi upya, na vishikio vya kuongeza risasi pembeni ni mapambo. Mkanda wa kubebea unahitajika, lakini uwe wa rangi ya udongo au majani, usiwe na hata uzi mwekundu, mweupe au wa buluu, kwa sababu kichwa cha dume kina rangi hizo tatu, na mwindaji mwingine aliyejificha ng'ambo ya kichaka asipewe sababu ya kukosea. Majimbo mengi pia huweka kikomo cha risasi katika bunduki ya kuwindia ndege, kwa kawaida tatu pamoja na ya chembani, na kizibo cha ndani ya bomba la kuhifadhia risasi huwekwa kwa ajili hiyo. Kitabu cha kanuni cha jimbo kisomwe kila mwaka.

Kwa wasomaji waliohamia Marekani, sheria ya shirikisho hukagua historia ya kila mnunuzi kwa muuzaji mwenye leseni. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua, ilhali aliyeko kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha, isipokuwa awe na mojawapo ya misamaha, kama leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kentucky, kwa upande wake, inamtaka kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye awe amehitimu mafunzo ya mwindaji.

Kati ya mitutu miwili, ningenunua wa inchi 24. Ule wa inchi 18.5 huzunguka vizuri ndani ya kibanda cha turubai, lakini hulia kwa ukali zaidi masikioni na uzito wake huegemea nyuma, jambo linalofanya nukta icheze mikono inapochoka. Na kwa kijana, au mtu mwembamba ambaye geji 12 inamtisha, asinunue hii kabisa: Beretta A300 Ultima Turkey ya geji 20, ikipakiwa TSS namba 9 na kuwekewa kioo, inamtosha kwa yadi 40, na atapenda kurudi uwanjani kuipiga.