Kupinga daraja la kodi ya nyumba Uingereza: huduma ya bure, lakini si ya kubahatisha

Kila mlipaji wa kodi ya halmashauri katika England na Wales, ile bili ambayo wengi wetu huiita kaunsili taksi, anaweza kuiomba ofisi ya uthamini ya serikali ichunguze upya daraja ambalo nyumba yake imepangiwa, na ombi hilo halitozwi ada yoyote. Nimeitumia huduma hii kwa nyumba tunayoishi katika mji mmoja wa katikati ya England, kisha nikamsaidia ndugu mmoja kuitumia kwa fleti yake. Ombi la kwanza lilikubaliwa, la pili likakataliwa, na nikiyatazama sasa naona kwamba majibu yote mawili yalikuwa ya haki. Huduma hii inampa haki yake mtu aliyekuja na ushahidi kuhusu nyumba, na haina la kumfanyia mtu aliyekuja na malalamiko kuhusu ukubwa wa bili.

Sababu inatokana na namna madaraja yenyewe yalivyopangwa. Kodi hii ilianza tarehe 1 Aprili 1993, kuchukua nafasi ya kodi ya kichwa iliyozusha ghasia katika miaka ya mwisho ya Waziri Mkuu Margaret Thatcher, na kila nyumba ya England iliwekwa katika moja ya madaraja manane, A hadi H, kwa kukadiria bei ambayo ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991. Nyumba ya pauni 40,000 au chini yake iliingia A, ile iliyozidi pauni 68,000 bila kupita 88,000 ikaingia D, na iliyozidi pauni 320,000 ikaingia H. Kazi ilifanyika kwa haraka; mitaa mingi ilikadiriwa na watu waliopita kwa gari bila kushuka, wakitazama sura ya nje tu. England haijawahi kuthamini upya nyumba zake tangu wakati huo, kwa hiyo hata jengo lililokamilika mwaka jana hupewa bei ya kufikirika ya mwaka 1991, kana kwamba lilikuwapo. Wales ilirudia zoezi hilo kwa bei za tarehe 1 Aprili 2003 na kuongeza daraja la tisa, I. Uskoti inatumia bei za 1991 kama England lakini kwa mipaka ya chini zaidi na chini ya maofisa wake yenyewe, na Ireland ya Kaskazini haina kodi hii kabisa.

Kwa Mtanzania aliyezoea kodi ya majengo kukatwa kupitia LUKU, yaani malipo ya umeme ya kabla, tangu mwaka 2021, jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba hapa kazi imegawanywa kati ya ofisi mbili. Halmashauri hutoa bili na kukusanya fedha, lakini daraja hupangwa na ofisi ya uthamini, ambayo kwa miaka mingi imejulikana kama Valuation Office Agency, na ambayo serikali ilitangaza mwaka 2025 kwamba itaingizwa ndani ya mamlaka ya mapato, HMRC. Kumpigia simu karani wa halmashauri na kumlaumu kwa daraja lako ni kumwonea. Vivyo hivyo, ukubwa wa bili unategemea sana unakoishi: nyumba ya daraja H katika Westminster, halmashauri ya London penye majumba ya kifalme, hulipiwa kiasi kidogo kuliko wastani wa daraja D wa England nzima, na hakuna fomu ya kupinga daraja inayoweza kurekebisha jambo hilo.

Faida ya kushuka daraja huhesabika kwa urahisi, kwa sababu sheria imeyapanga madaraja kwa sehemu za tisa za daraja D: A hulipa sehemu sita, B saba, C nane, D tisa, E kumi na moja, F kumi na tatu, G kumi na tano, H kumi na nane. Wastani wa daraja D katika England kwa mwaka wa fedha 2025/26 ulikuwa pauni 2,280. Kwa hiyo, kwa wastani huo, anayetoka C kwenda B hupunguziwa takriban pauni 253 kwa mwaka, na anayetoka E kwenda D hupunguziwa mara mbili ya hizo. Fedha kubwa zaidi iko nyuma, kwani marekebisho huweza kurudi hadi siku ulipoanza kuilipia nyumba hiyo, na aliyekaa tangu mwanzo huweza kufika 1993.

Kuna milango miwili ya kuingilia, na hapa ndipo wengi hupotea. Wa kwanza ni pingamizi rasmi, ambalo mlipaji mpya wa kodi anayo miezi sita tangu aanze kuilipia nyumba kuliwasilisha. Pia hufunguka pale ofisi ilipobadilisha daraja lako, au nyumba ilipopungua kwa kubomolewa sehemu, au ilipogawanywa kuwa fleti. Ukikataliwa kwa mlango huu, unapewa miezi mitatu ya kukata rufaa kwenye baraza la rufaa za uthamini, chombo kinachojitegemea ambacho nacho hakitozi ada. Mlango wa pili, ambao ndio wa wengi waliokaa miaka mingi, ni ombi la kukaguliwa upya kwa daraja: unatoa ushahidi kwamba daraja lilikosewa, ofisi inautazama, na jibu lake halikupi haki ile ya rufaa. Aliyehamia karibuni asiache miezi sita ipite, maana tofauti ya milango hii miwili ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye fomu.

Ushahidi unaokubalika ni wa aina mbili. Unaweza kuleta anwani za nyumba zisizozidi tano zinazofanana na yako kwa umri, ukubwa, aina na umbo, zilizo jirani, na zilizo katika daraja la chini. Au unaweza kuleta bei halisi za mauzo, za nyumba yako au za nyumba kama hiyo, ambayo kwa England yawe yamefanyika kati ya tarehe 1 Aprili 1989 na 31 Machi 1993. Bei za wastani kutoka tovuti za madalali wa nyumba hazipokelewi kama ushahidi. Madaraja ya nyumba zote yako wazi kwa umma: unaandika msimbo wa posta kwenye tovuti ya serikali, na mtaa mzima unatokea, bila kufungua akaunti wala kuomba kibali. Sehemu hii ya huduma naisifu bila masharti. Ni jambo la kustaajabisha kwamba mpangaji wa kawaida anaweza kuliona daraja la mwenye nyumba aliye kando yake kwa dakika moja.

Tatizo ni neno kufanana. Katika mtaa wetu nyumba zimeshikana kuta kwa safu moja, zilijengwa pamoja, na kwa macho hazitofautiani. Lakini ofisi haiamui kwa macho, inaamua kwa mita za mraba. Njia niliyoiona kuwa bora kuliko zote ni kupitia daftari la umma la vyeti vya matumizi ya nishati, ambamo nyumba nyingi zilizowahi kuuzwa au kupangishwa zimeandikwa eneo la sakafu. Tulipopanga anwani zetu pamoja na maeneo ya sakafu, ilionekana wazi kwamba nyumba zenye eneo sawa na letu zilikuwa B huku yetu ikiwa C, na kwamba nyumba chache za C zilikuwa zile za pembeni, zenye chumba cha ziada. Barua yetu ilikuwa fupi kwa sababu jedwali lilikuwa limeshasema kila kitu.

Kabla ya kupeleka barua yoyote, hata hivyo, ni lazima kufanya hesabu ya pili, na hii ndiyo ambayo watu huiruka. Daraja linaweza kupanda vilevile kama linavyoweza kushuka, na si lako peke yako, bali hata la jirani. Chukua bei ya karibuni inayojulikana ya nyumba yako, uirudishe hadi 1991 kwa kutumia kikokotoo cha mwenendo wa bei kama kile cha Nationwide, taasisi ya mikopo ya nyumba, kisha uone inaangukia daraja gani. Kikokotoo si ushahidi, lakini ni tahadhari. Ikiwa majirani wako chini yako na hesabu ya bei nayo inakuweka chini, una hoja. Ikiwa majirani wako chini lakini hesabu inasema daraja lako ni sahihi, basi waliokosewa kwa faida yao ni wao, na barua yako inaweza kuwapandishia kodi watu unaosalimiana nao kila asubuhi. Wahenga walisema ukimwamsha aliyelala utalala wewe. Hapa anaweza kukosa usingizi mtaa mzima. Martin Lewis, mwandishi wa masuala ya fedha aliyewahamasisha Waingereza kwa miaka mingi kukagua madaraja yao, naye husisitiza ukaguzi huu wa pande mbili.

Neno hilo la kufanana ndilo lililokwamisha ombi la fleti ya ndugu yetu. Aliona kwamba fleti za jengo la jirani zilikuwa daraja moja chini, akaamini kwamba zinafanana na yake kwa kuwa zote zina vyumba viwili vya kulala. Jibu alilopewa lilieleza kwamba majengo hayo ni ya enzi tofauti na kwamba fleti yake ni pana zaidi, mambo ambayo hata sisi tungeweza kuyathibitisha. Hasira yake ilikuwa juu ya bili iliyokuwa ikipanda kila Aprili, na upandaji huo ni uamuzi wa halmashauri, hauhusiani na daraja.

Nisiache kuwataja mawakala, kwa kuwa simu na ujumbe wao huwafikia sana wageni na wazee. Wapo wanaojitolea kukupingia daraja kwa malipo ya asilimia fulani ya fedha utakazorejeshewa, na mmoja aliyetupigia aliongea kana kwamba kushinda kumekwisha kuamuliwa. Wakala hana fomu ya siri wala mlango wa tatu. Atatazama orodha ileile ya umma unayoiona wewe. Anayetuma ujumbe wenye kiungo na kutaka namba za benki ili akurejeshee kodi, huyo ni mwizi tu, na ajibiwe kwa kufutwa.

Upungufu mkubwa ninaouona ni wa lugha na wa maelezo. Tovuti iko kwa Kiingereza na Kiwelisi, na maneno yake ni ya watu wa uthamini. Mzee aliyetoka Mombasa na kulipa kodi hii kwa miaka 20 hataijua tofauti ya pingamizi na ombi la ukaguzi kwa kusoma peke yake. Sheria inaruhusu mtu mwingine akuwakilishe, akiwemo mwanao au rafiki asiyelipwa, na hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kwa wazee wetu. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba kodi huendelea kulipwa kwa daraja lililopo mpaka uamuzi utolewe. Anayeacha kulipa akisubiri jibu anajitafutia barua za mahakama.

Nikiipima kwa nyota, naupa utaratibu wenyewe nne kati ya tano, na maelezo yake mbili. Si huduma ya kila mtu. Anayeishi peke yake anastahili punguzo la asilimia 25 kwa kuomba halmashauri tu, bila kugusa daraja. Nyumba ambayo wakaaji wake wote ni wanafunzi wa muda wote husamehewa kodi. Nyumba iliyorekebishwa kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu inaweza kutozwa kwa kiwango cha daraja moja chini. Na wale wanaopanga chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji wengi ndani ya England wajue kwamba tangu tarehe 1 Desemba 2023 nyumba ya namna hiyo huhesabiwa kuwa na daraja moja kwa jengo zima, na kodi yake hudaiwa mwenye nyumba. Anayeletewa bili ya chumba chake peke yake aanze kwa kuiuliza halmashauri ni kwa msingi gani.