Siku nzima ya Sofia ndani ya kasha moja

Albamu inayokusanya muziki wa jukwaani kutoka kwenye tamasha la kuzunguka huwa naipima kwa swali moja: je, mtu ambaye hakuwepo anaweza kuisikiliza akajua siku ile ilivyoanza, ilivyochafuka na ilivyokwisha? Kwa kipimo hicho nimelisikiliza kasha la The Big Four: Live from Sofia, Bulgaria kwa muda wa miezi mitatu, nyumbani kwangu Chikongola, Mtwara, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wasikilizaji wenzangu wa roki nzito, ambao huku Kusini si wengi lakini wapo, tangu Mikindani hadi Masasi.

Kasha lilitolewa mwaka 2010 na lina CD tano pamoja na DVD mbili. Muziki wote ulirekodiwa tarehe 22 Juni 2010 katika Uwanja wa Taifa wa Vasil Levski, mjini Sofia, wakati wa Sonisphere, tamasha lililoanza mwaka mmoja kabla na ambalo lilikuwa likihama kutoka nchi moja ya Ulaya hadi nyingine. Makundi ni manne, yote ya Marekani, ambayo kwa pamoja huitwa The Big Four: Metallica, Slayer, Megadeth na Anthrax. Hao ndio walioiasisi na kuikuza thrashi, yaani roki nzito inayopigwa kwa kasi kubwa na gitaa lililokazwa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na jambo la kushangaza ni kwamba kwa karibu miaka thelathini hawakuwahi kupanda jukwaa la siku moja wote wanne hadi tarehe 16 Juni 2010 huko Warsaw, Poland. Sofia ilikuja siku sita tu baadaye. Onyesho hilo lilirushwa kwa setilaiti katika mamia ya kumbi za sinema duniani, na bila shaka hiyo ndiyo sababu kamera zilikuwa nyingi na sauti ilishughulikiwa kwa uangalifu ambao albamu nyingi za jukwaani hazikuupata.

Nianze na sauti, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ninaendesha mitambo ya muziki kwenye sherehe za harusi na kipaimara hapa mjini, na kila mara mtu anaponiomba nimrekodie shughuli yake nakutana na tatizo lile lile: ukichukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye miksa, yaani mtambo unaokusanya sauti za vipaza sauti na vyombo vyote, unapata mwimbaji na kinanda vilivyo safi lakini vimekauka, kana kwamba ukumbi ulikuwa mtupu; ukiweka kipaza sauti katikati ya watu, unapata vigelegele na shangwe lakini muziki unakuja umevimba na maneno hayasikiki. Suluhisho ni kuchukua vyote viwili na kuvichanganya baadaye, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Sauti hutembea takribani mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kipaza sauti kilichowekwa mita 34 kutoka jukwaani hulipokea pigo la dramu moja ya kumi ya sekunde baada ya miksa kulipokea. Ni muda mdogo sana kuutaja, lakini sikio halidanganyiki: pigo moja linakuwa mawili, na muziki wa kasi kama huu, ambao mguu wa mpiga dramu haupumziki, unageuka kuwa kishindo kisicho na mpangilio. Fundi lazima azivute sauti za watu zije mapema, kidogo kidogo, hadi zilingane na za jukwaani.

Waliochanganya kasha hili wamelifanya jambo hilo kwa ustadi. Sikiliza kwa spika mbili zilizotenganishwa vizuri, si kwa simu, na utasikia uwanja ukiwa mpana, watu wakiwa kulia na kushoto na wengine mbali kabisa nyuma, huku dramu ikibaki imesimama katikati bila kivuli. Pale ambapo watu wanaimba sauti ya gitaa badala ya maneno, kwa sababu gitaa lenyewe limekuwa wimbo, wamepandishwa kiasi cha kutosha tu. Nimewasha diski hizi asubuhi, kabla joto halijapanda na kabla ya barabara kuanza kelele, na mara kadhaa nimejikuta nimesimama katikati ya sebule nikiwa nimesahau chai.

Anthrax ndio wanaotangulia, mchana, jua likiwa bado liko. Mwimbaji ni Joey Belladonna, na sauti yake ya juu inafaa kufungua siku. Kuna jambo moja katika sehemu yao ambalo lisingesikika katika albamu ya studio. Ronnie James Dio, mmoja wa waimbaji wakubwa wa roki nzito, alikuwa amefariki tarehe 16 Mei mwaka huo, zaidi kidogo ya wiki tano kabla ya onyesho, na katikati ya wimbo wao wenyewe Anthrax wanaingiza kipande cha Heaven and Hell, wimbo aliouimba akiwa na kundi la Black Sabbath. Hakuna hotuba ndefu. Muziki unapunguza mwendo, uwanja unaelewa, na watu wanaimba. Hilo ni tukio la Juni 2010 na si la wakati mwingine wowote. Albamu ya jukwaani inayostahili jina hilo lazima iwe na mambo ya namna hiyo.

Kisha mvua. Megadeth wanapiga huku inanyesha kweli kweli, na kwenye DVD unaiona ikikatiza mbele ya taa kama nyuzi, watu wamejifunika chochote walichopata na hawaondoki. Sehemu hii niliitazama pamoja na mzee mmoja jirani yangu, mpiga ngoma wa siku nyingi, ambaye ujana wake wote ulipita kwenye ngoma za jando na unyago upande wa Newala. Alipita kunijulia hali, nikamwamkia, akaketi, na hakusema neno hadi kamera ilipomwonyesha mpiga dramu.

"Mwanangu, hawa ngoma zao hazilegei na maji yote haya?"

Nilimweleza kwamba ngozi za dramu hizo si ngozi ya mnyama bali ni plastiki, ambayo ilianza kuenea kwa wapiga dramu wa Ulaya na Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwamba zinakazwa kwa skrubu pembeni. Akafikiri kidogo.

"Kumbe hawana kazi ya kuota moto."

Anayejua ngoma za Kimakonde anaelewa uzito wa maneno hayo. Ngoma zetu huwekwa kando ya moto kabla ya kupigwa, zikielekezwa uso kwenye joto, na mtu mmoja hukaa akizigusa kwa vidole hadi ngozi inapojibu inavyotakiwa. Umande ukishuka usiku wa manane, zinarudishwa tena motoni, na wachezaji wanasubiri. Kusubiri huko ni sehemu ya usiku wenyewe. Baada ya mazungumzo hayo nililitambua pungufu kubwa la kasha hili, ambalo nilikuwa nimelihisi bila kulipa jina. Kati ya kundi moja na jingine kuna ukimya uliokatwa: Anthrax wanaaga, na diski inayofuata inaanza Megadeth wakiwa tayari wamo katika wimbo. Uhamishaji wa vyombo, majaribio ya vipaza sauti na watu kupiga kelele wakati wa kusubiri vyote vimeondolewa. Filamu ya nyuma ya jukwaa iliyomo kwenye DVD inaziba pengo kiasi, kwa kuwa inawaonyesha wanamuziki wakikutana na kuzungumza, lakini katika CD siku hiyo imekatwa vipande vinne. Hata dakika mbili za kusubiri kati ya diski zingetosha kuviunga.

Slayer wanahitaji maelezo machache. Dave Lombardo ndiye anayepiga dramu, na kwangu hii ndiyo diski bora kuliko zote tano kwa upande wa dramu. Tom Araya, mwimbaji wao, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa shingo mapema mwaka huo, na anaimba akiwa ametulia mahali pamoja. Jeff Hanneman, mpiga gitaa wao, alifariki mwaka 2013 baada ya kuugua kwa muda, kwa hiyo kasha hili ni miongoni mwa kumbukumbu za mwisho za onyesho zima la Slayer wakiwa wanne wale wale wa mwanzo. Sikulijua hilo niliponunua, na tangu nilipojua siwezi tena kuisikiliza diski hiyo nikiwa na shughuli nyingine mkononi.

Metallica wamepewa CD mbili, nao wanapiga usiku. Kwa masikio yangu ndio waliopata mchanganyo ulio mzuri zaidi, na gitaa la besi, ambalo katika roki nzito mara nyingi huzikwa chini ya magitaa mengine, linasikika noti kwa noti. Ila wimbo ambao watu wengi watalinunulia kasha hili ni Am I Evil?, wa kundi la Kiingereza la Diamond Head, ambao Metallica walianza kuupiga tangu wakiwa vijana wasiojulikana. Katika wimbo huo wanawaita wenzao wapande. Anthrax wanakuja, Megadeth wanakuja, na kutoka Slayer anakuja Lombardo peke yake. Dave Mustaine wa Megadeth anapanda na gitaa lake jukwaani kwa Metallica, kundi ambalo lilimfukuza mwaka 1983 kabla halijatoa albamu yake ya kwanza, na anakumbatiana na James Hetfield, mwimbaji wa Metallica, mbele ya uwanja wote. Kwa upande wa muziki wimbo huo si nadhifu. Magitaa ni mengi mno, na mtu anayetafuta usafi atanung'unika. Mimi siutafuti usafi hapo. Miaka ishirini na saba ya uchungu inasikika ikilegea katika dakika chache, na hakuna studio ambayo ingeweza kuitengeneza sauti hiyo.

Ili nisionekane ninasifu tu, nililiweka kasha hili karibu na albamu nyingine ninayoimiliki ya jamii hiyo, ile ya kwanza ya Ozzfest iliyotoka mwaka 1997. Ozzfest ilianzishwa na mwimbaji wa roki nzito Ozzy Osbourne na mkewe Sharon, na mwaka wa kwanza ilifanyika kwa siku mbili tu, tarehe 25 na 26 Oktoba 1996, moja Phoenix, Arizona, na nyingine Devore, California, kabla haijawa tamasha la kuzunguka Marekani kila kiangazi. Albamu hiyo inafuata mtindo wa kawaida wa mikusanyo: makundi mengi, kila kundi wimbo mmoja. Wamo Slayer, Fear Factory, Biohazard, Neurosis na Ozzy mwenyewe. Wamo pia Sepultura kutoka Brazili, katika miezi ya mwisho kabla mwimbaji wao Max Cavalera hajaachana nao Desemba 1996, mwaka ule ule walipotoa albamu ya Roots waliyoirekodi kwa sehemu pamoja na Waxavante, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Kwa mtu wa Mtwara, ambaye amelelewa na ngoma, Sepultura wa mwaka huo ni mlango mzuri wa kuingilia roki nzito, na ningemshauri kijana yeyote aanzie hapo.

Hata hivyo, wimbo mmoja kwa kila kundi ni kuonjeshwa. Unapokwenda kwenye tamasha la MaKuYa, ambalo jina lake limetokana na Wamakonde, Wamakua na Wayao, hutoki ukiwa umeridhika kwa kuona kila kikundi kikicheza mkupuo mmoja na kuondoka, kwa sababu kikundi cha sindimba huanza taratibu, kikajenga, kikafika mahali ambapo mpiga ngoma mkuu na wachezaji wanakuwa kitu kimoja, na mahali hapo hapafikiwi katika mkupuo wa kwanza. Albamu ya Ozzfest inakupa makundi yote yakiwa yanaanza tu. Ile ya Sofia inakuacha na Megadeth hadi wamelowa, na hadi waliolowa pamoja nao wameanza kuimba kwa sauti kubwa kuliko walivyoimba wakiwa wakavu. Tofauti hiyo ndiyo inayolifanya kasha kubwa listahili bei yake, ambayo kwa kipato cha huku si ndogo.

Kuhusu ununuzi, yapo matoleo ya DVD peke yake, lakini ninashauri lile lenye CD tano, kwa kuwa bila CD huwezi kufuatilia mchanganyo wa sauti nilioueleza, na picha huyavuta macho kiasi kwamba masikio yanasahauliwa. Langu nililiagiza kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam aliyelitia ndani ya mfuko wa nailoni tu na kulipakia kwenye basi. Lilifika likiwa limepondeka kona moja, na DVD moja ilikuwa na mchubuko unaoifanya ikwame kwa sekunde chache katika sehemu ya Slayer. Mwambieni muuzaji mapema alifungie katika boksi gumu lenye magazeti ndani, na mkubaliane kabla ya malipo nani atabeba hasara likiharibika njiani.

Mzee jirani yangu amesharudi mara mbili. Juzi alitaka kuiona mvua tena, na safari hii alivuta kiti karibu na luninga, akawa anapiga mdundo wa mguu wa mpiga dramu kwa vidole viwili juu ya goti, akiukosa, akiuanza upya.