TAHADHARI: Anayeuza mazoezi ya hesabu ya KCSE kwa till ya bucha

Wazazi wenzangu wa kidato cha nne, someni hii kabla hamjatuma hata shilingi. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi, hasa huku Eastlands, akiuza "mazoezi ya hesabu ya mtandaoni". Jina analotumia nimeliacha nje kwa sababu shauri liko kwa polisi, na hata hivyo siamini ni lake. Ni mwizi. Amenila Sh 4,300 na mikono inanitetemeka kwa hasira nikiandika.

Kijana wangu hesabu zilimshinda kwenye ripoti ya muhula, na kwa yule mwalimu aliyekuwa akimfundisha Jumamosi hatuwezi kurudi. Kwa hivyo msije hapa na "kwani hukutafuta mwalimu wa tuition?" Tumeshapita huko.

Ilikuwa Ijumaa jioni, niko kwenye foleni ya matatu pale Muthurwa, mvua imeanza, mkoba kichwani. Jamaa akanitumia sauti. Sauti ya upole kabisa, ya mtu wa kanisani: "Mamangu, huyu kijana si mjinga, ni vile hajapata wa kumshika mkono. Niambie tu, mada gani inamsumbua?" Nikamwambia grafu na difarenshiesheni. Kabla sijapanda gari akanitumia video. Swali linatokea kwenye skrini, mwanafunzi anabonyeza jibu lisilo sahihi, skrini inamwambia ajaribu tena, kisha inamfungulia hatua moja moja mpaka mwisho. Ni ile mada niliyomtajia, si nyingine! Chini ya video kabandika nembo ya KICD, ile taasisi ya serikali ya mitaala. Nilimtumia kijana, akajibu, "Mum, hii naielewa." Haya, mzazi gani angesoma hayo maneno akarudisha simu mkobani?

Bei Sh 3,500 mpaka mtihani uishe, badala ya 7,000, mwisho saa mbili usiku. Nikaingiza namba ya till, ile ya kulipia biashara kwa M-Pesa. Jina likatokea: bucha. Nikampigia hapo hapo. Akacheka kidogo, akasema, "Ni ya kaka yangu mamangu, yetu ya ofisi inabadilishwa, wiki ijayo itakuwa tayari."

Shemeji ameshika hapo tu, bucha, bucha, anarudia mbele ya watu. Lakini tuseme ukweli. Nairobi hii ni nani hulipa till akakuta jina linalofanana na kitu alichonunua? Kinyozi wa kijana wangu, till yake imeandikwa duka la dawa. Anayeniuzia mboga, pesa zinaingia kwa jina la saluni. Tumezoea. Na mtu aliyekupokea simu papo hapo, akakujibu bila kubabaika, utamwitaje tapeli?

Nikabonyeza namba ya siri, niko kiti cha nyuma kabisa, maji yananidondokea shingoni.

Kilichokuja si ile niliyoona kwenye video. Ni linki ya folda ya Drive, PDF zimerundikwa humo, na faili za majibu zimefungwa kwa paswadi. Kupewa paswadi, Sh 800, "ada ya kuamsha akaunti". Nilituma. Ukishatoa 3,500 utayaachaje majibu kwa mia nane? Nikapata paswadi, nikasema asante (asante!), na usiku huo huo picha yake ikatoweka WhatsApp, ujumbe wangu unabaki tiki moja. Simu hailii tena.

Kesho yake mpwa wangu aliye chuo akaipitia ile folda na kijana wangu mezani. Swali la kwanza: Olivia amenunua televisheni kwa Sh 240, bei ikiwa na VAT ya asilimia 20. Televisheni ya Sh 240! Kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli hata rimoti utabishania kwa bei hiyo. Na VAT yetu ni asilimia 16. Asilimia 20 ni ya Uingereza. Yaani jamaa amechota maswali ya watoto wa huko, akafuta alama ya pauni, akaandika Sh, na hata jina la mtoto akaona uvivu kulibadilisha.

Hilo lingechekesha kama majibu yangekuwa sawa. Kuna grafu ya y = x³ − 6x² + 9x, unatafuta kilele na bonde. Jibu lake linasema kilele kiko x = 3. Mpwa wangu akamwambia kijana aweke 3 mwenyewe. Ikatoka 0. Weka 1. Ikatoka 4. "Sasa kilele ni kipi?" Kijana wangu alikuwa amelifanya swali hilo vizuri usiku ule, kisha akafuta jibu lake kwa kalamu, akaandika la mwizi juu yake. Hapo ndipo nilipolia. Pesa hutafutwa.

Na ile video? Mpwa aliitambua mara moja: ni tovuti ya masomo ya Khan Academy, imerekodiwa kwenye simu na sehemu ya juu imekatwa ili jina lisionekane. Khan Academy ni bure. Unajiandikisha bila kulipa senti, mtoto anachagua mada, anafanya.

Mnaniuliza dalili za tapeli kama huyu. Mwambie akufungulie tovuti yenyewe kwenye simu yako, usitazame video. Nembo ya KICD isikutishe, yeyote anaweza kuibandika. Wao wana Kenya Education Cloud yao, kaangalie humo. Majibu yanayofuata usahihishaji wa KNEC, baraza la mitihani, hugawa alama kwa hatua, utaona M1, A1, B1 pembeni. Yake ni namba tupu. Na karatasi ya hesabu ya KCSE, ile ya 121, sehemu ya kwanza ni maswali 16 ya lazima, ya pili unachagua 5 kati ya 8. Yake yote ni kuchagua A, B, C, D. Pia alidokeza kwamba ikifika Oktoba atakuwa na "kitu kikubwa zaidi". Anamaanisha karatasi ya mtihani iliyovuja. Mtoto akishikwa na hiyo, matokeo yanafutwa. Ukishatuma pesa ukashtuka, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, dakika hiyo hiyo. Mimi nilingoja asubuhi, zilikuwa zimeshatolewa.

Huyu mtu afungwe. Sitaki kurudishiwa halafu yaishe, sitaki wazee watuketishe. Sheria ya makosa ya mtandao tunayo tangu 2018, itumike. Anakula kwa watoto wa watu waliobakisha miezi michache ya mtihani, na mwenye hiyo bucha naye aeleze ni nyama gani alikuwa ananiuzia.

Kama umewahi kulipa till yenye jina la bucha kwa ajili ya hesabu, nitumie ule ujumbe wa M-Pesa inboksi, hata kama ni mia tano. Usione aibu, sitataja mtu. Jumatatu narudi kwa polisi wa upelelezi, DCI Kiambu Road, na nataka niingie na faili nene.