Miezi kumi na minne ya kuchangia vitara vya watoto Temeke: tathmini ya mchangiaji

Tangu mwaka jana nimekuwa nikichangia kila mwezi programu ya mchezo wa vitara, yaani mapambano ya panga nyembamba za michezo, inayoendeshwa baada ya saa za masomo katika bwalo la shule moja ya msingi upande wa Temeke, Dar es Salaam, kwa ajili ya watoto ambao walezi wao hawana uwezo wa kulipia michezo ya namna hii. Wenzangu kadhaa ofisini wameniuliza kama fedha hizo zinafika, na kama kuna maana yoyote ya kumfundisha mtoto mchezo wa Wazungu ilhali hata daftari lake ni la kukopa dukani. Maswali yote mawili ni ya haki. Nitayajibu kama mtu anayetathmini huduma aliyoilipia, kwa kuwa nimetoa fedha, nimekwenda kuangalia zaidi ya mara kumi, mara nyingine bila kutoa taarifa, na ninayo malalamiko yangu. Jina la programu silitaji, kwa sababu viongozi wake wameahidi kurekebisha baadhi ya kasoro nitakazozieleza na sipendi kuwachongea kabla hawajapewa muda.

Mazoezi hufanyika Jumatatu na Alhamisi, kuanzia saa tisa na nusu alasiri hadi saa kumi na moja na nusu, na pia Jumamosi asubuhi. Watoto ni kama thelathini, wa darasa la nne hadi la saba, na wanatoka katika shule mbalimbali za Tandika, Buguruni, Vingunguti na Mbagala. (Mzaha wa kwamba mchezo huu ungefaa zaidi kufanyika mtaa wa Upanga nimekwisha kuusikia mara nyingi kiasi cha kutosha.) Katika silaha tatu za mchezo huu, yaani foili, epe na seba, hapa hufundishwa foili peke yake, na kwa maoni yangu uamuzi huo ni sahihi. Foili ni nyepesi, haizidi gramu 500 kwa kanuni, na shabaha yake ni kiwiliwili tu, tofauti na epe ambayo mwili mzima unahesabika, au seba ambayo huchezwa kwa makali pia na shabaha yake ni kuanzia kiunoni kwenda juu. Zaidi ya hayo, foili ina kanuni ya haki ya shambulio: wachezaji wawili wakigusana kwa wakati mmoja, pointi huenda kwa aliyeanzisha shambulio, na mwenzake hana budi kulikinga kwanza ndipo arudishie. Mtoto akishaelewa kanuni hiyo, huacha kurusha mkono ovyo na huanza kumsoma mwenzake.

Bwalo lenyewe ni dogo. Pisti, yaani njia ya kuchezea, kwa kanuni huwa na urefu wa mita 14 na upana wa kati ya mita 1.5 na 2, lakini ukuta wa bwalo hautoshi kwa urefu huo, na kwa hiyo mwalimu ameichora kwa chaki kutoka kona hadi kona, ikikatiza sakafu ya saruji kama mkeka uliotandikwa upogo. Matokeo yake ni kwamba pisti inayoingia ni moja tu, na wakati watoto wawili wanacheza wengine wengi wanasubiri. Nilipoliona jambo hili mara ya kwanza nilikasirika. Baadaye nikagundua kwamba wanaosubiri hawakai bure, kwa kuwa wanne kati yao husimama pembeni kama waangalizi wa kuguswa, wawili wakimtazama kila mchezaji, na wa tano husimama katikati kama mwamuzi. Utaratibu huo ndio uliotumika kote duniani kabla ya mashine za umeme kuingia, kwanza katika epe kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, kisha katika foili kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Programu ina mashine moja ya pointi, na umeme unapokatika, jambo ambalo halihitaji maelezo kwa msomaji wa Dar es Salaam, mchezo hausimami hata dakika moja. Nimemshuhudia mvulana wa darasa la tano, mwembamba kiasi kwamba koti lilimzunguka mara moja na nusu, akitoa amri kwa sauti ya mwadhini: "Angade! Pre? Ale!" Kifaransa hicho, yaani kaeni tayari, mko tayari, anzeni, hakuna aliyewafundisha kukiandika, lakini wanakitumia bila kusita. Kabla ya amri, kila mchezaji humpigia saluti mwenzake na mwamuzi kwa kitara, na hapa wameongeza la kwao, kwani mwalimu husalimiwa shikamoo kitara kikiwa kimeelekezwa chini.

Kuhusu usalama, ambao ndio hofu ya kwanza ya kila mzazi, nilijiridhisha kwa macho yangu. Mchezo huu ulipata fundisho gumu mwaka 1982 mjini Roma, pale kitara kilipovunjika na kipande chake kikapenya barakoa ya bingwa wa Kisovieti, Vladimir Smirnov, ambaye alifariki dunia. Baada ya hapo kanuni za barakoa, makoti na vyuma vya vitara zilikazwa sana. Mwalimu wa hapa anaijua habari hiyo na huwasimulia watoto wakubwa. Kila mwanzo wa muhula huzipima barakoa kwa kifaa chenye ncha na springi kinachosukuma wavu wa chuma kwa nguvu ya kilo 12, na mbele yangu barakoa tatu zilibonyea. Hakuziweka pembeni kwa ajili ya wageni, kama nilivyohofia, bali alizifunga utepe mwekundu na kuzitundika juu ukutani ambako mkono wa mtoto haufiki. Wasichana wote huvaa kinga ngumu ya kifua, kama kanuni inavyotaka. Katika muda wote niliofuatilia, majeraha niliyoyaona ni michubuko ya mikono na kifundo kimoja cha mguu kilichoteguka, ambacho kilitokana na saruji wala si kitara.

Hili la mchezo wa Wazungu nalijibu kwa ufupi. Bibi wa binti ninayemchangia, mzaliwa wa Visiwani, alipokuja kuangalia kwa mara ya kwanza alikaa kimya hadi mwisho, kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi nilidhani naletwa kuona mambo mapya, kumbe ni kirumbizi kisicho na zumari," yaani ile ngoma ya pwani ya kuchezea bakora. Kwa upande wa medali, Mmisri Alaaeldin Abouelkassem alipata fedha ya foili London mwaka 2012, Mtunisia Ines Boubakri shaba ya foili Rio mwaka 2016, na mwaka 2024 jijini Paris Mtunisia Fares Ferjani akapata fedha ya seba. Jirani zetu wa Kenya waliwakilishwa Paris na Alexandra Ndolo, mchezaji wa kwanza wa nchi hiyo kushiriki mchezo huu katika Olimpiki, na jijini Nairobi Mburu Wanyoike anawafundisha vijana wa mitaa ya Huruma na Mathare katika klabu ya Tsavora. Huwezi tena kusema kwamba kitara hakijui njia ya kuja huku.

Hata hivyo medali si kipimo changu. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Peter Westbrook wa Marekani, aliyepata shaba ya seba Los Angeles mwaka 1984, kisha mwaka 1991 akaanzisha jijini New York taasisi ya kuwafundisha mchezo huu watoto wa familia zenye kipato kidogo. Wapo waliopitia mikononi mwa taasisi hiyo wakafika Olimpiki, akiwamo Lauren Scruggs aliyetoka Paris na fedha ya mtu mmojammoja na dhahabu ya timu katika foili. Lakini Westbrook mwenyewe, kabla ya hayo yote, alikuwa mtoto aliyelelewa na mama peke yake huko Newark, na mama huyo ndiye aliyemvuta kwenye mchezo kwa kumwahidi dola 5 akikubali kwenda kwenye somo. Mama hakuanza kwa kununua kitara. Alianza kwa kulipia kile ambacho kingemfanya mtoto atoke nyumbani na kufika.

Hapo ndipo ilipo kasoro kubwa ya programu yetu. Fomu ya kuchangia, iliyopambwa vizuri kwa picha, inamwalika mtu "achangie kitara" au "achangie barakoa", na watu wanapenda hivyo, nikiwamo mimi. Kitara kinapigwa picha kikapendeza. Nenda stoo, hata hivyo. Utakuta vyuma vya foili ambavyo havijatolewa kwenye karatasi zake, na vingine vilivyotolewa vikakaa hadi vikashika kutu, kwa kuwa hewa ya pwani yetu yenye unyevu na chumvi haimsubiri mtu. Watoto wa darasa la saba wana zamu ya kuvisugua kwa msasa na kuvipaka mafuta ya cherehani kila Jumamosi, na wanaifanya vizuri, lakini ni kazi ya kutunza vitu ambavyo havina mikono ya kuvishika. Glavu kumi nilizozileta mimi mwenyewe kutoka safarini, kwa majivuno makubwa, zilikuwa za watu wazima. Mpaka leo zinatumika kushikia sufuria ya uji wa watoto.

Wakati huohuo watoto wanaacha mazoezi. Katika miezi hii nimewaona kadhaa wakitoweka, na nilipowafuata walezi wao, hakuna aliyeniambia kwamba mtoto amechoshwa na mchezo. Walitaja nauli na giza. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni shilingi 200, kiasi ambacho mtu wa mshahara hakioni, lakini mtoto hukipata iwapo tu amevaa sare na konda amekubali kumpakia. Mazoezi yakiisha saa kumi na moja na nusu, ni saa ileile ambayo abiria wanaotoka kazini wamejaa kituoni, na konda mwenye nafasi moja mlangoni anajua hesabu ya denti na hesabu ya mtu mzima. Mtoto aliyebadili nguo ili sare isilowe jasho anatozwa nauli ya mkubwa. Kwa hiyo mwalimu amewazoesha kuvaa sare juu ya fulana zilizolowa, na ukiwatazama wanavyotoka bwaloni wakiwa wamefunga vifungo hadi shingoni huku mvuke unawatoka, utaelewa kwa nini wanaokaa Mbagala wanafika nyumbani usiku wakiwa na mafua. Anayekosa gari mara mbili au tatu, mama yake anasema basi, na mimi ningekuwa mama yake ningesema hivyohivyo.

Nilipouliza kwa nini nauli haimo kwenye fomu, mratibu alinijibu kwa ukweli uliomshinda kuupamba: wachangiaji hawapendi kulipia kitu kisichobaki. Nilikubaliana naye kuhusu wachangiaji, si kuhusu kubaki. Mtoto aliyefika mara tatu kwa wiki ndiye kitu kinachobaki, na bila yeye kitara cha kigeni, ambacho gharama ya kukisafirisha na kukitoa bandarini kupitia wakala mmoja tuliyemtumia ilizidi bei yake, ni chuma cha kusuguliwa msasa.

Ninayo malalamiko mengine madogo. Taarifa ya kila robo mwaka tuliyoahidiwa imekuja mara moja tu, na ilikuwa na picha nyingi na hesabu chache. Picha za watoto husambazwa bila walezi kuulizwa, na nimesema wazi kwamba jambo hilo likiendelea nitaondoka. Kwa upande wa pili, daftari la mapato na matumizi, ambalo nilipewa mara tu nilipoliomba, limeandikwa kwa kalamu, safi, na kila risiti imebandikwa gundi mahali pake; mimi ni mhasibu na nimeona vitabu vya kampuni kubwa vilivyo vibaya kuliko hilo. Nusu saa ya kwanza ya kila Jumatatu na Alhamisi hutengwa kwa kazi za shule za nyumbani, chini ya usimamizi wa mwanafunzi wa chuo anayejitolea, na binti ninayemchangia, ambaye alikuwa akikwepa hesabu za sehemu, sasa anamwelekeza mdogo wake. Sitadai kwamba ni kitara kilichofanya hivyo. Uji, meza na mtu wa kumuuliza swali vinatosha kuwa sababu.

Kwa jumla naipa programu hii alama nne kati ya tano, na naipendekeza kwa mtu anayetaka fedha yake ifike kwa mtoto, kwa sharti moja: asichangie kifaa. Aandike kwenye maelezo ya muamala wake neno "nauli" au "uji", kama nilivyoanza kufanya miezi mitatu iliyopita. Mwanzoni mratibu aliziingiza fedha zangu kwenye safu ya vifaa kwa mazoea. Nikamrudisha, akachora safu mpya kwa rula. Safu hiyo sasa ina majina ya wachangiaji wanne, na inawatosha watoto wa Mbagala wote.

Alhamisi iliyopita nilipanda na watoto gari moja hadi kituo cha Rangi Tatu, Mbagala. Mvulana wa darasa la sita alikuwa amebeba mfuko mrefu wa vitara, umefungwa kwa kanga, akivipeleka nyumbani kwa mwalimu kunyoosha, na konda akausimamisha kwa mkono mlangoni na kuuliza kulikoni. "Ni vyuma vya mazoezi, anko," akajibu, akitoa mia mbili yake. Konda aliubonyeza mfuko, akatutazama sote, kisha akasema, "Laza chini ya siti, denti. Ukimchoma abiria, unashuka nao."