Taya likiuma: kipi ulipie, kipi uache

Taya linalolia "ta" ukipiga miayo, lakini haliumi na mdomo unafunguka sawasawa, halihitaji tiba. Baki na hela zako. Haya ni ya mtu mzima ambaye maumivu ya mbele ya sikio yamefika miezi mitatu, yanapanda hadi kwenye panja, na muhogo wa kuchoma anautafunia upande mmoja.

Jipime kwanza. Simamisha vidole vitatu, kimoja juu ya kingine, katikati ya meno ya mbele. Vikiingia, kiungo kinafunguka vya kutosha. Vikiingia viwili tu, na ule mlio umepotea ghafla, huenda kisahani cha gegedu (tishu laini kama ya sikio) ndani ya kiungo cha taya kimekwama. Usilazimishe, nenda kwa daktari wa meno.

Namba moja ni mazoezi, na haya ndiyo watu wengi wa Mwanza huyaruka. Mwongozo wa maumivu sugu ya taya uliotoka kwenye jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2023 unapendekeza kwa nguvu mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu, kuchuliwa misuli, na ushauri wa kisaikolojia. Vifaa vya kuvaa mdomoni hauvipendekezi kwa maumivu hayo, ingawa haukuvikataza kwa nguvu. Tatizo ni kwamba kifaa unakishika mkononi, zoezi hulishiki, basi zoezi linaonekana kama umepewa maneno matupu.

Lifanye hivi. Kanda shavu kwa kitambaa cha maji ya moto dakika 15. Ncha ya ulimi iguse ufizi nyuma ya meno ya juu ya mbele, kisha fungua mdomo polepole bila ulimi kubanduka. Mara 6, na urudie mara 6 kwa siku. Simama mbele ya kioo: kidevu kikianza kwenda kombo, ishia hapo. Kinacholiharibu zoezi ni kulipiga mara 36 usiku kufidia mchana uliosahau. Misuli inaamka asubuhi imekaza zaidi. Hospitali kubwa kama Bugando zina wataalamu wa tiba ya viungo. Miadi miwili mitatu ya kusahihishwa ina faida kuliko kifaa cha bei mbaya.

Wiki hizo kula ugali na sangara wa mchuzi kwa raha zako. Miwa, mahindi ya kuchoma na dagaa waliokaangwa wakakauka vipumzike. Ukipiga miayo, weka ngumi chini ya kidevu.

Namba mbili ni sahani ngumu ya akriliki, yaani kifaa cha plastiki ngumu cha kuvalisha meno, hasa kwa anayesaga meno usingizini. Italinda meno hata kama maumivu hayatapungua. Iliyotengenezwa vizuri imetokana na alama za meno yako mwenyewe, inafunika meno yote ya taya moja, na huvaliwa usiku. Siku ya kukabidhiwa, daktari akung'atishe karatasi ya rangi: alama zitokee pande zote mbili, zikilingana. Asipoijaribu hivyo, kazi haijaisha. Rudi baada ya wiki moja au mbili isawazishwe tena. Ioshe kwa maji ya baridi. Ya moto yanaipinda.

Zile laini za mabondia, za kuchovya kwenye maji ya moto na kuzing'ata, ni rahisi, lakini wengine huzitafuna usiku kucha kama bigijii na kuamka na taya zito zaidi. Kifaa kinachofunika meno ya mbele peke yake kikivaliwa miezi, magego yanaweza kuchomoza na meno ya mbele yasikutane tena.

Ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula, mara tatu kwa siku, inatuliza maumivu makali ya siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au mimba aulize kwanza. Usiichanganye na tramadoli. Sindano na kuoshwa kiungo ni mambo ya baadaye sana.

Vya kukataa kabisa ni kusagiwa meno ili "yakae sawa" na kung'olewa gego lisilo na ubovu. Gego bovu mara nyingi huitikia maji ya baridi au kugongwa. Taya huitikia kutafuna na kupiga miayo. Kabla ya koleo kuingia mdomoni, omba jino lipigwe picha, na uonyeshwe kwenye picha hiyo ubovu uko wapi.