Tangi la samaki linavuja kwenye maungio: ununue nini ukiwa Malindi

Tangi la maji ya bahari halianzi kuvuja kwa tone. Huanza kwa unga mweupe. Unaukuta umeganda chini ya kona ya paipu mithili ya chokaa, na ukiulamba ni chumvi tupu: maji yanapenya kidogo kidogo, upepo unayakausha hapo hapo, chumvi inabaki. Langu lilinionya hivyo wiki nzima nikidhani ni vumbi la kaskazi, mpaka alfajiri moja nikakanyaga mkeka umerowa chapachapa. Na kaskazi ndiyo majira mabaya ya kupoteza maji, maana Mto Sabaki ukishusha udongo wake, ghuba nzima hugeuka rangi ya chai ya maziwa na hakuna cha kuchota.

Siku ile nilikimbilia dukani nikanunua vitu vinne. Vitatu bado viko kabatini. Kwa hivyo nakupangia hapa kuanzia kinachostahili pesa yako hadi kisichostahili.

Lakini kabla hujavaa viatu, jua kinachovuja. Kausha paipu, chukua karatasi ya shashi, igusishe kuanzia juu ukishuka. Inaporowa kwanza ndipo penyewe, si pale tone linaponing'inia. Halafu angalia kiungo chenyewe: ni cha thredi, yaani chenye mikato ya kukazwa kwa kuzungusha, au kimegandishwa kwa gundi?

Kama ni cha thredi, namba moja ni thredi tepu, ile nyeupe ya kukunja, kitu cha bei ndogo kuliko vyote nitakavyotaja. Fungua, bandua tepu yote ya zamani, zungusha mpya mara nne au tano kufuata upande ule ule kiungo kinapokazwa, ukiivuta ikae ndani ya mabonde. Ukizungusha kinyume itajikunja na kutoka unapokaza. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Plastiki ya kike, ile inayopokea nyingine ndani yake, ikizidishiwa nguvu hupasuka, na ufa mwembamba kama unywele hauzibwi na tepu yoyote. Ila yunioni, kiungo kile chenye nati kubwa ya kufungua na kufunga, ni jambo jingine: hiyo huziba kwa oringi ya mpira iliyo ndani, kwa hivyo nunua oringi, tepu iache.

Kama ni cha gundi, namba moja yako ni kona mpya, soketi ya kuunganisha paipu mbili, kipande cha paipu na kopo dogo la gundi ya PVC. Jumla yake si kubwa, lakini kazi ipo. Gundi hii huyeyusha uso wa plastiki mbili zikashikana kuwa kitu kimoja, na kwa hiyo inataka plastiki safi na kavu. Muuza duka aliniambia, “Mama, paka tu hapo juu, itashika.” Ilishika mpaka nilipowasha pampu. Kata kiungo kibovu, piga msasa, paka pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha kidogo, shikilia nusu dakika, kisha iache siku nzima kabla ya kurudisha maji. Siku hiyo samaki wape pampu ya hewa ya betri.

Hapa ndipo wengi tunapoliwa pesa. Maduka yetu ya vifaa vya ujenzi huuza paipu za PVC za inchi, na pampu nyingi za matangi huja na viungo vya milimita. Paipu ya robo tatu ina unene wa nje wa milimita 26.7, ile ya milimita inayofanana nayo ni 25. Kwa macho ni ndugu, kwa gundi hazijuani: moja itapwaya ndani ya nyingine, na pengo hilo ndilo litakalovuja baada ya mwezi. Beba kipande chako ukajaribu pale pale kaunta, kikavu. Na zile paipu za kijani za PPR huungwa kwa mashine ya joto. Gundi ya PVC haizishiki kabisa, hata ukimimina kopo zima.

Namba mbili ni epoksi ya kukanda. Ni kifimbo chenye rangi mbili; unakata kipande, unakikanda kama donge la chapati mpaka rangi iwe moja, unakibandika na kukibonyeza kuzunguka kiungo. Hushika hata penye maji. Ni dawa ya saa nane za usiku, na moja ikae kabatini daima, lakini mtikisiko wa pampu huilegeza hatimaye.

Silikoni naiweka mbali nyuma. Ni ya kioo kwa kioo. Kwenye PVC hubanduka kama gamba la kovu. Ukiinunua kwa kioo, iwe silikoni tupu isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni inayo, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki.

Usinunue nyuzi za katani za kuzungushia thredi na pesti ya kuzipaka, hata fundi akiapa. Katani ya Vipingo ina kazi zake kwenye bomba za chuma. Kwenye plastiki huvimba na kuipasua. Vali za shaba ya njano pia ziache, kwa kuwa shaba huyeyuka katika maji ya chumvi na kuua kamba na konokono.

La mwisho ni klipu za kubana mipira ya maji. Zimeandikwa hazishiki kutu, na ukanda kweli haushiki upesi, ila skrubu yake mara nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha. Kwa hewa hii yetu hukatika. Nenda dukani na sumaku ndogo, ile ya mlango wa friji inatosha. Ikinata kwenye skrubu, irudishe klipu pale ulipoitoa.